Yule Mama wa Kwenye Karatasi

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye geti la shule ya bweni ya wasichana, njia ninayopita kwenda sokoni. Wanahitaji mtunza mashuka, mwanamke, mtu mzima, mwenye uzoefu. Mpaka hapo nilikuwa nasoma kama mtu anayesoma bei ya kitu asichotaka kununua. Ndipo nikafika mstari wa mwisho: "Chumba kipo."

Nikaweka kapu chini nikasoma tena, safari hii kwa kidole.

Nieleze kwanza kwa nini maneno mawili yanisimamishe njiani na nyanya zangu juani. Naishi kwa mwanangu wa kiume, nyumba ya vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja chake na mkewe, kingine cha wajukuu, na mimi ni wa sebuleni, kwenye kochi refu. Sinyanyaswi, msije mkamfikiria vibaya mkwe wangu. Hata foronya yangu huifua yeye. Ila mtu wa kochi hana saa yake ya kulala. Anasubiri taarifa ya habari iishe, mpira uishe, mgeni aage, kisha aage tena mlangoni, ndipo atandike. Asubuhi awe amekunja kila kitu kabla ya wa kwanza kuamka kutaka chai. Huu ni mwaka wa tatu sijaugua hata mafua, kwa sababu sina pa kuugulia.

Kazi yenyewe naijua. Miaka ishirini na sita nimefua na kupiga pasi nguo za hospitali, mpaka walipotustaafisha na kufunga dobi. Tatizo lilikuwa moja. Tangazo lilisema mwombaji afike mwenyewe Jumatano ijayo, saa mbili kamili asubuhi, akiwa na wasifu wa kazi. Mimi sikuwahi kuwa na kitu hicho. Siku niliyoajiriwa hospitali, msimamizi wa dobi aliniambia nitoe mikono, akaigeuza huku na huku kama mtu anayechagua maembe, akasema, "Ingia." Basi.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza mjukuu wangu mkubwa, huyu anayesomea mambo ya ofisi chuoni. Mimi na yeye ni watani, namwita mke mwenzangu.

"Hiyo ndiyo sivii, Bibi," akasema. "Siku hizi hawaajiri mtu. Wanaajiri karatasi yake."

"Na mtu je?"

"Mtu anakuja baadaye, kuibeba."

"Basi nipe kalamu niiandike."

"Bibi, nenda kwa Profesa. Ndiyo kazi yake, unamlipa anakuandikia kitaalamu."

"Nimlipe mtu aniandikie maisha yangu? Kwani alikuwepo?"

Nilisema kwa sauti kubwa, kama mtu mwenye hoja. Nikachukua daftari, nikakaa mezani mchana wa siku mbili. Mimi ni wa darasa la saba la zamani, mwandiko wangu ulikuwa unapitishwa darasani wenzangu wauone, kwa hiyo nilijipiga kifua. Siku ya pili jioni nikampa mke mwenzangu kurasa kumi na moja. Akasoma amesimama. Halafu akakaa.

"Bibi, ukurasa wa nne bado hujaajiriwa."

"Nafika."

"Ukurasa wa sita wote ni mashine moja ya kufulia."

"Haikuwa mashine ya kawaida. Ukiijaza kupita alama, inatembea. Siku moja tuliikuta mlangoni, kama inataka kutoka."

"Sasa hiyo inamsaidia nini anayetaka kukuajiri?"

Nikafikiri. Ningekuwa mimi ndiye mwajiri, ningetaka kujua iliishia wapi.

Mwanangu, ambaye alikuwa akisikiliza huku anatazama mpira, akasema, "Mama, umri wako si wa kuomba kazi. Pumzika."

"Nipumzike wapi, baba?"

Akageuka kunijibu, akakuta amenikalia mto. Akauchomoa, akanipa. Mkwe wangu ndiye aliyesema, "Mwache mama aende, akitaka." Alisema haraka kidogo. Sikumlaumu. Na yeye ana sebule isiyokuwa yake.

Kulikuwa na hela niliyoiweka kwenye kopo kwa ajili ya jino, la nyuma kushoto, ambalo daktari alishasema ling'olewe. Nikawa naligusa kwa ulimi huku nafikiri. Nikilipa wasifu, jino linabaki. Nikitoa jino, kochi linabaki. Lakini sikuwa tayari kutoa hela kwa mtu ambaye kazi yake siijui, kwa hiyo nikaenda kumchunguza.

Profesa, kama watu wa mtaa wanavyomwita, ni kijana wa kama miaka thelathini, mwenye chumba kimoja kati ya fundi viatu na fundi simu. Ana kompyuta, mashine ya kuchapia, na kiti kimoja kizuri anachokalia yeye. Nikakaa kwenye benchi la wateja, kitambulisho mkononi, nikijifanya nasubiri kutoa nakala. Kila aliponiita nilisema, "Mhudumie huyo kwanza, mimi sina haraka." Nadhani watu watano walinibariki siku ile.

Akaingia dereva mmoja, mabega yamemwanguka.

"Niandike najua Kiingereza," akasema.

"Unakijua?"

"Nitakijua."

Profesa akagonga gonga vile vibonye, akachapa, akamsomea: "Mtaalamu wa usafirishaji salama wa watu na mali." Yule dereva akaichukua karatasi kwa mikono miwili. Nawaambieni, alitoka akiwa mrefu kuliko alivyoingia. Nikatazama mgongo wake mpaka ukapotea kwenye kona. Nikataka na mimi ninyooke hivyo. Hapo ndipo nilipoamua, si kwa akili, kwa wivu wa mgongo wa mtu.

Kesho yake nikarudi na kopo.

"Shikamoo, Bibi. Bado nakala tu?"

"Marahaba, baba. Leo nimekuja kuandikwa."

Akanikalisha, akaanza kuuliza. Kazi yangu ilikuwa nini hasa? Nikamweleza. Damu huoshwa kwa maji baridi, ukiweka ya moto umeipika, haitoki tena. Vifungo vya makoti ya madaktari hufungwa kabla ya kufua, visipofungwa hung'oka, na ukikipoteza kifungo cha daktari utakitafuta mpaka kwenye mfereji. Alipoacha kuandika mimi nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye wanga.

"Bibi, ni ukurasa mmoja."

"Basi andika kwa herufi ndogo."

"Uliongoza watu wangapi?"

"Tulikuwa wawili. Mimi na mwenzangu mmoja tukimwita Redio, kwa sababu akianza kuongea hakuwa na kitufe cha kuzimia."

"Kwa hiyo uliongoza timu."

"Nadhani Redio ndiye aliyeniongoza."

"Huyo Redio anaiomba hii kazi?"

"Hapana. Alishahamia kwa binti yake, mbali."

"Basi uliongoza timu."

Nilinyamaza. Kunyamaza kwenyewe kulikuwa na utamu wake, sitaficha.

"Nikuchapie nakala ngapi?"

"Moja. Kwani mimi niko wangapi?"

Karatasi ikatoka ya moto kidogo, kama shuka linalotoka kwenye pasi. Juu kabisa majina yangu yote matatu, meusi, manene. Chini yake: "Mtaalamu wa usafi wa nguo za kitabibu na usimamizi wa rasilimali laini." Nikamuuliza rasilimali laini ni nini. Akasema ni mashuka. Chini kabisa: "Mwenye maono, anayejituma, aliyeongoza timu kwa mafanikio katika mazingira yenye shinikizo." Nikasoma mpaka mwisho, nikarudi juu. Nilimpenda sana yule mama. Nilitamani nimwajiri mimi mwenyewe, nimpe chumba, nimpe na chai.

Kosa langu lilianzia kwenye mapenzi hayo. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshamwonyesha fundi viatu, ambaye hakuniuliza, na muuza mboga, ambaye hajui kusoma na akasema ni nzuri sana. Jirani nilimsomea kwa sauti kupitia ukutani. Siku zilizobaki niliitoa kila nilipokuwa peke yangu, nikaisoma, nikaikunja, nikaisweka chini ya mto wa kochi, mahali pa usalama. Chini ya mto, nimesema, kwenye kochi analokalia mwanangu anapotazama mpira. Wiki ile zilikuwa mechi mbili na moja ilikwenda dakika za nyongeza.

Jumatano alfajiri nikaitoa. Yule mama alikuwa amekunjamana uso mzima.

Mtu mwingine angeiacha hivyo hivyo, au angeilaza ndani ya kitabu. Mimi ni mtu wa dobi. Mikunjo kwangu ina dawa moja. Nikatandika blanketi mezani, nikachomeka pasi, nikaweka moto wa pamba. Nikaloweka kitambaa cheupe, nikakikamua, nikakitandaza juu ya karatasi upande wa maandishi, nikashusha pasi. Mara moja tu, kwa uzito wa mkono, kama ninavyoshusha kwenye kola.

Nilipoinua kitambaa, karatasi nayo ikaja. Vilikuwa vimeng'ang'aniana kama maharusi. Nikavibandua taratibu, kwa kucha. Karatasi ilikuwa imenyooka kabisa, sijawahi kuona karatasi iliyonyooka vile. Ila maandishi ya katikati yote yalikuwa yamehamia kwenye kitambaa, yamegeuka nyuma mbele. Kwenye karatasi yalibaki majina yangu juu, na mistari miwili chini.

Mkwe wangu akatoa kichwa chumbani. "Mama, ni nini kinanuka plastiki?"

"Ni miaka yangu ishirini na sita," nikasema.

Mke mwenzangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Baadaye akafuta macho, akawa mtu wa maana. "Profesa anafungua saa tatu. Wewe unatakiwa saa mbili. Bibi, waambie nyumba ilishika moto."

"Moto gani huo unaochoma katikati tu, na kuacha jina?"

"Basi usiende."

Nikamtazama. Nyuma yake mwanangu alikuwa ameshakaa kwenye kochi, anafunga viatu, na blanketi langu lilikuwa sakafuni miguuni pake. Nikavaa gauni la bluu, nikaichukua karatasi kwa vidole viwili, nikaenda.

Pale shuleni tulikuwa tisa kwenye benchi. Wanane wenzangu wote walikuwa na umri wa kuweza kuniita mama, na kila mmoja ana faili lake la plastiki. Mimi nilikuwa nimeifunika yangu kwa kanga. Nilisimama mara mbili kwa nia ya kuondoka. Mara ya pili nikaona, upande wa pili wa uwanja, mstari wa vyumba vya wafanyakazi, na kimoja mlango uko wazi, mtu anafagia. Nilisogea kidogo, kama mtu anayejinyoosha. Kitanda cha chuma. Dirisha moja. Nyuma ya mlango msumari mmoja wa kutundikia nguo. Nikafikiria nguo zangu, nikaona msumari mmoja unatosha.

Nikarudi kukaa.

Matroni alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Woga ulikuwa umenishika kiasi kwamba mimi ndiye niliyeanza: "Shikamoo."

"Mara... hapana, mama. Shikamoo wewe."

"Marahaba."

Tulikuwa tumeanza vibaya. Akapokea karatasi, akavaa miwani, akaivua, akaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, hii imekuwaje?"

Kinywani nilikuwa na ule moto wa mjukuu wangu, tayari kabisa. Nikafungua mdomo. "Nimeipiga pasi," nikasema.

"Umeipiga pasi."

"Ilikuwa na mikunjo."

Akaiweka mezani. "Hebu nielewe. Unaomba nikukabidhi mashuka mia nne. Na kitu cha kwanza unachoniletea ni kitu ulichokiharibu kwa pasi."

Alivyoipanga vile, hata mimi nisingejiajiri. Nikaona kile chumba kinafungwa, msumari na vyote. Lakini mtu anaweza kunicheka uzee, anaweza kunicheka darasa la saba. Pasi, hapana.

"Samahani, mama," nikasema. "Hebu iguse. Ina alama ya njano? Imejikunja pembeni? Karatasi iko salama kuliko ilivyotoka dukani. Aliyeshindwa hapo ni wino. Hakuna aliyeniambia ni kitu cha kuyeyuka. Ningejua, ningeigeuza chini juu, ningeweka moto wa hariri, na kitambaa kingekuwa kikavu."

Akapitisha kiganja. Akaigeuza, akapitisha tena. Sikuona akitabasamu, ila aliivuta karibu.

"Hapa chini pamebaki 'aliyeongoza timu kwa mafanikio'. Timu ya watu wangapi?"

"Wawili."

"Wewe na nani?"

"Hao wawili, mimi nimo."

"Na wewe ndiye uliyekuwa kiongozi?"

"Tulikuwa tunaongozana."

Akatoa pumzi kwa pua. "Na hapa katikati penye upara, paliandikwa nini?"

Ile karatasi nilikuwa naijua yote kwa moyo, nukta kwa nukta. "Rasilimali laini," nikasema.

"Ndiyo nini?"

"Mashuka."

"Na nini tena?"

"Na foronya."

Hapo ndipo alipoivua miwani na kucheka, akajifunika uso kwa mkono, mabega yanamtetemeka. Nikasubiri. Mimi nikishachekwa huwa nasubiri, najua mwisho wake huja. Alipomaliza akasema, "Mama, tuache karatasi. Wasichana mia mbili, kila mmoja mashuka mawili, na kila muhula hamsini yanapotea. Tumebadilisha makufuli mara tatu. Wewe ungefanya nini?"

"Hayapotei," nikasema. "Anayekosa lake anachukua la jirani, jirani naye anachukua la anayefuata, mpaka anafikiwa yule mpole asiyejua kuchukua. Ndiye anayekuja kulia kwako. Kwa hiyo mnamwuliza mtu ambaye hajui kitu. Wekeni uzi kwenye pindo, kila bweni rangi yake, na namba ya kitanda. Na siku ya kufua, asiyeleta chafu mkononi hapewi safi, hata akilia. Sisi hospitali tulipoanza hivyo, mashuka arobaini yalirudi yenyewe ndani ya wiki moja. Mengine yalikuwa yameshakuwa mapazia."

"Mapazia ya nani?"

"Ya mganga mkuu."

Akachukua kalamu, akaandika yale yote pale katikati ya karatasi yangu, palipokuwa peupe. Halafu akasema nitapigiwa simu. Nilijua maana ya maneno hayo, hata mimi nimeshayatumia kwa wauza vyombo.

Nilikaa siku tano bila kuisweka simu chini ya mto wowote. Siku ya tano matroni akapiga. Nitaanza kwa majaribio ya miezi mitatu, na chumba nahamia mara moja. "Ila ofisi inataka wasifu kamili wa kwenye faili," akasema. "Ule wako ukiuweka kwenye faili, wino wake unanata kwenye karatasi ya jirani."

Nikarudi kwa Profesa. Bahati nzuri alikuwa ameuhifadhi. Nikamwomba aondoe rasilimali laini, aandike mashuka. Akaumia.

"Bibi, mashuka hayavutii."

"Yamenivutia mimi miaka ishirini na sita."

Timu nayo aliitoa, akaweka "alifanya kazi na mwenzake mmoja kwa maelewano", ambayo pia si kweli sana, lakini Redio yuko mbali. Lile la "mwenye maono" nilimwachia. Nilikuwa nimeshalizoea.

Mke mwenzangu huniuliza kama ile hela ilikwenda bure. Jino bado lipo na bado linanisalimia kila nikinywa chai ya moto. Karatasi haikunipatia kazi, hilo naliona. Lakini ningekwenda na daftari langu, nadhani matroni angekuwa bado anasoma habari za ile mashine. Na kama nisingelipa, nisingekuwa na kitu cha kukipiga pasi. Kila nikijaribu kupata funzo hapo, linaniponyoka.

Jumamosi mwanangu akanibebea sanduku. Alikitazama kile chumba, akajaribu dirisha, akajaribu kitanda kwa goti, akasema, "Kidogo, Mama." Nikasema ndiyo, ni kidogo. Akaaga, akaaga tena mlangoni, na mimi sikumwongezea maneno, maana nilikuwa nataka aende.

Nikatundika gauni. Nikafunga mlango. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, wasichana wanapiga kelele uwanjani, na hakuna mtu duniani aliyekuwa anasubiri niondoke pale nilipokuwa. Nikavua viatu, nikajilaza chali.

Simu ikalia. Alikuwa mke mwenzangu.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nimelala."

"Saa hizi? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa umelalaje saa nane ya mchana?"

"Hivi hivi tu," nikasema, nikageukia ukutani.